Muulize Fundi: Belti mpya, mbona gari lachemsha?

Mwezi huu barua tatu zimekutana mezani kwangu, zote za belti ya nje ya injini, ile ndefu inayojipinda huku na huku ikizungusha alteneta, pampu ya maji, pampu ya usukani na kompresa ya AC kwa pamoja. Mafundi wengi bado tunaiita fenibelti, ingawa kwenye magari mengi madogo ya leo feni inazungushwa na umeme. Naanza na ya mwalimu kwa sababu gari lake haliwezi kungoja.

Swali

Ami fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Likoni na nafundisha Changamwe, kwa hivyo kila siku navuka feri kwenda na kurudi. Gari langu ni saluni ndogo ya Kijapani ya mwaka 2006, CC 1800. Wiki tatu zilizopita, nikiwa Kibarani narudi nyumbani, taa ya betri iliwaka, usukani ukawa mzito kama jiwe, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikaegesha. Kijana mmoja fundi akafungua boneti, akaniambia fenibelti imekatika. Mtu akatumwa dukani, ikaja nyingine, ikafungwa kwa nusu saa, nikalipa, nikaenda zangu. Tangu siku hiyo mwendo wa asubuhi, barabara ikiwa wazi, gari halina neno. Lakini nikilipandisha kutoka feri, au nikikwama kwenye foleni ya Mwembe Tayari na AC imewaka, mshale unakaribia wekundu. Fundi wa pili aling'oa thamostati, ile valvu ya kufungulia maji yaende rejeta, akaitupa. Wa tatu anataka kushusha rejeta. Maji hayavuji, feni inazunguka. Nakutumia picha nne na namba za belti zote mbili, maana ile iliyokatika niliiokota. Nifanye nini kabla mshahara haujaniishia kwenye boneti?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Kwanza mwambie huyo fundi wa tatu aiache rejeta ilipo. Pili, gari usiliwashe tena mpaka belti hiyo itolewe. Sikutishi. Kila mshale unapofika pale ulipopataja, kichwa cha injini kinatanuka kuliko inavyofaa, na gasketi iliyo chini yake ndiyo inayoumia.

Picha zako tatu za kwanza, zilizopigwa kutoka juu, hazikunisaidia. Ya nne, ile uliyoipiga kwa tochi ukiwa umepiga magoti kando ya gurudumu la mbele, nimeitazama kwa muda mrefu, na nakushukuru kwa kukubali kuchafuka. Kwenye ukingo wa puli ya pampu ya maji pana vumbi jeusi laini, kama masizi ya chungu. Hilo ni vumbi la raba. Halafu tazama belti inavyoipitia puli hiyo: imeilalia kwa upande wa matuta. Na puli yenyewe ni kipara. Ugonjwa uko hapo, wala hauko kwenye rejeta.

Nieleze. Belti hii ina pande mbili. Ndani ina matuta madogo yaliyopangana kwa urefu wake wote, nje ina mgongo laini. Puli nazo ni za namna mbili: zenye mifereji, na za kipara. Tuta huingia mferejini, mgongo hulala juu ya kipara. Marehemu bibi yangu alikuwa msusi wa mikeka, na alikuwa akisema mwaa mmoja ukigeuzwa uso, ukili wote unakwenda upande. Belti nayo ni vivyo hivyo.

Lakini liko jambo kubwa zaidi ya kuteleza na kulika, na nimeshangaa mara nyingi kuona hata mafundi wa miaka mingi hawakuelezwa. Puli zote zinazoshikwa na matuta, yaani zilizo ndani ya kitanzi cha belti, huzunguka upande mmoja na krenki, yaani mhimili mkuu wa injini unaoizungusha belti. Zinazoshikwa na mgongo huzunguka kinyume chake. Kwa hiyo anayeipitisha belti kwa upande usio wake hajakosea njia tu. Amekigeuza kifaa kizima kwenda kinyume. Pampu yako imepewa puli ya kipara kwa sababu ilitengenezwa izunguke kinyume na krenki. Tangu ile siku ya Kibarani inazunguka pamoja nayo.

Utauliza: basi mbona gari linakwenda asubuhi bila taabu? Kwa sababu pampu ya namna hii, ikizungushwa kinyume, haiyarudishi maji nyuma kama watu wanavyodhani. Huendelea kuyasukuma mbele, ila kwa unyonge mkubwa, maana mapanga yake yamepindwa kwa mzunguko mmoja tu. Asubuhi barabara iko wazi, upepo unaingia, injini haijabebeshwa mzigo, na hayo maji machache yanatosha. Ukianza kupanda kutoka feri na gari zito, au ukikaa kwenye foleni huku AC ikimwaga joto lake mbele ya rejeta, hayatoshi tena. Feni inazunguka kweli, kwa kuwa ni ya umeme, lakini inaipuliza rejeta isiyoletewa maji ya kutosha kutoka kwenye injini. Ndiyo maana kila aliyefungua boneti aliona feni inafanya kazi, akaenda kutafuta kosa kwingine.

Namba ulizoniandikia zinakamilisha hadithi. Ya zamani ni 6PK1880, mpya ni 6PK1840. Namba hizi si siri ya kiwandani, na kila mwenye gari anaweza kuzisoma. 6 ni idadi ya matuta. PK ni aina ya matuta yenyewe, ambayo kutoka ncha moja hadi ya pili ni milimita 3.56, kwa hiyo belti ya matuta sita ina upana wa milimita 21 hivi. Tarakimu za mwisho ni urefu kwa milimita. Uliyouziwa ni fupi kwa sentimita nne. Kwa njia yake ya haki isingefika hata tenshena, yaani kikazaji cha belti, ikivutwa mpaka mwisho. Yule kijana aliona haifiki, akatafuta njia nyingine ambayo inafika, akaipata. Ikafunga, ikakaza, ikazunguka bila kelele. Belti iliyokaa vizuri huku imepita kubaya ndiyo hatari kuliko zote, kwa kuwa haimpi mtu sababu ya kuitazama mara ya pili.

Nisimlaumu sana. Alikuta belti imekatika, imeanguka kwenye kinga ya chini, hapana wa kumwonyesha ilipita wapi. Mimi niliwahi kukwama na gari lililokuja likiwa zima. Mwaka 1991 nilikuwa mwanagenzi katika gereji moja kule Shimanzi, na niliachiwa Mercedes W124 nibadilishe belti. Zama hizo magari mengi tuliyoyashika yalikuwa na belti mbili au tatu fupi zenye umbo la V, kila moja na kazi yake. Ukikosea, haiingii, basi. Belti moja ndefu ya kuzungusha kila kitu Wamarekani walikuwa wameshaianza mwishoni mwa miaka ya 1970, Ford Mustang ya 1979 ikiwa miongoni mwa magari ya mwanzo, lakini mimi sikuwa nimewahi kuitia mkononi. Nikaona ya zamani ina nyufa, nikaikata kwa kisu ili nisihangaike kuichomoa, nikaitupa pipani. Kisha nikaichukua mpya. Kuanzia baada ya adhuhuri mpaka adhana ya magharibi nilikuwa nimeinama juu ya injini ile, na kila njia niliyoijaribu, belti ama inaning'inia ama haifiki.

Msimamizi wangu, Mungu amrehemu, hakunigombeza. Alichukua chaki, akachora maduara sakafuni, moja kwa kila puli, kila moja mahali pake kama ilivyo kwenye injini. Akaniambia nizipapase puli moja moja kwa kidole. Yenye mifereji niandike M, ya kipara niandike K. Nilipomaliza akachukua kamba ya katani, akaanzia kwenye krenki, akawa anaizungusha kamba ili kila M iwe ndani yake na kila K iwe nje. Mara tatu alipotea njia, mara ya nne kamba ikarudi krenki. Gari likatoka usiku huo huo. Tangu siku hiyo sijawahi kutoa belti ya mtu kabla sijachora, hata ya gari ambalo nimelifunga mara hamsini. Picha ya simu ni nzuri, ipige, lakini picha kutoka juu haioni puli za chini, na za chini ndizo zinazopoteza watu. Mkono ukichora, jicho linalazimika kwenda mpaka huko.

Sasa kazi yenyewe. Mtafute fundi unayemwamini, umsomee haya, au uifanye na mtu wa nyumbani mwenye mkono. Injini iwe baridi na ufunguo uwe mfukoni mwako. Usivae leso yenye ncha za kuning'inia, wala buibui, wala mikono mipana. Nimewahi kuona belti ikivuta kitambaa, na sitaki kukisimulia nilichokiona. Tazama chini ya boneti na kwenye fremu ya mbele kama kuna kibandiko chenye mchoro wa njia. Magari mengi ya mtumba hukifikisha Mombasa kikiwa kimepakwa rangi au kimebanduka, lakini kikiwapo kitakuokolea saa nzima. Angalia tu kama kina michoro miwili, mmoja wa gari lenye AC na mwingine wa lisilo nayo. Kisipokuwapo, fuata ile habari ya chaki.

Tenshena ni ule mkono wa chuma wenye springi na puli ndogo kichwani, ambao kazi yake ni kuikaza belti muda wote. Utakuta kichwa cha boliti cha kushikwa kwa spana ya 14, 17 au 19, au tundu la mraba la kuingiza mkono wa soketi. Tumia spana ndefu, isukume upande ambao belti inalegea, na ukishaipata usiiachie kwa ghafla. Springi ile ina nguvu ya kuvunja kidole. Mmoja aishike, mwingine aichomoe belti kwenye puli ya juu iliyo rahisi kufikia, kisha tenshena irudishwe polepole.

Hapo ndipo wengi wanapokimbilia kufunga mpya, na ndipo ninapowaomba msimame kidogo. Injini ikiwa haina belti ni nafasi ambayo huipati siku nyingine. Zungusha kila puli kwa mkono. Alteneta inatakiwa izunguke kwa utulivu. Ile puli tupu isiyoendesha kifaa chochote, kazi yake kuielekeza belti tu, ikizunguka kwa kurukaruka kama tiara ya karatasi, au ikitoa sauti ya kusaga mchanga, beringi yake imekwisha. Itikise pampu ya maji mbele na nyuma; isicheze. Papasa chini yake kama kuna alama ya maji yaliyokauka. Kwako wewe nina wasiwasi na puli hiyo ya pampu, kwa kuwa imesuguliwa na matuta wiki tatu: ipitishie kidole, na kama imechimbika, ibadilishwe. Swali la kwa nini belti ya kwanza ilikatika halijajibiwa na mtu bado, na jibu lake mara nyingi ni mojawapo ya hizo beringi. Ukifunga belti mpya juu ya beringi iliyokufa utarudi Kibarani.

Nunua 6PK1880. Mwenye duka akikwambia hii ya 1840 ni ile ile, mshukuru uende duka la pili. Kufunga, anzia chini kwenye krenki, panda ukizungushia kila puli kwa mujibu wa mchoro, na uache ya mwisho iwe puli ya kipara iliyo juu, kwa kuwa belti hupanda juu ya kipara kwa urahisi. Sukuma tenshena, pandisha belti, rudisha tenshena taratibu. Kabla ya kuwasha, chukua tochi na kidole, pitia kila puli yenye mifereji uhakikishe matuta yote sita yamo. Tuta moja likibaki nje ukingoni, belti itajichana yenyewe kabla hujafika Mtongwe. Kisha zungusha krenki kwa spana, mizunguko miwili, upande injini inakozungukia, utazame tena. Ndipo uwashe.

Baada ya hapo rudisha thamostati. Jambo hili linaniuma kweli kweli, maana hapa mjini limekuwa dawa ya kila homa. Gari lako lilitengenezwa liwe na thamostati, na kuitoa hakuondoi joto linalotokana na pampu dhaifu; kunaifanya injini ichelewe kupata moto wake na kula mafuta zaidi. Jaza maji ya rejeta ya dukani. Usijaze ya kisima. Visima vya kisiwani na vya Likoni vingi vina chumvi, mnajua wenyewe mnapokosha nguo nayo sabuni haitoi povu. Chumvi hiyo ikikaa kwenye bomba za rejeta na kwenye kichwa cha aluminiamu, inakula.

Mwisho, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya maziwa ya chai, au maji ya rejeta yakitoa viputo injini ikinguruma, gasketi imekwisha kupasuka na hiyo ni barua nyingine. Oili ikiwa safi, una bahati, na nakuombea iwe hivyo. Niandikie.

Swali

Fundi, habari za kazi. Nina Probox, nabebea mboga kutoka Kongowea hadi Mtwapa alfajiri. Kila nikiwasha belti inalia kwa dakika mbili tatu, halafu inanyamaza. Rafiki alinionyesha kupaka sabuni ya kipande, ikanyamaza siku mbili. Fundi akaikaza, ikanyamaza mwezi mmoja. Ikalia tena, akaikaza tena. Sasa alteneta imeanza kuvuma na naambiwa ninunue nyingine. Kwani hii belti ina kazi ya kuua alteneta?

Jibu

Njema, ndugu yangu. Belti haikuua alteneta. Imeuawa na spana.

Probox yako, kama wengi, nadhani ni ya injini ya 1NZ-FE. Injini hiyo haina tenshena ya springi ya kujikaza yenyewe. Belti inakazwa kwa kuivuta alteneta kwenye reli yake kisha kuifunga kwa boliti. Kwa hiyo ukazo uko mikononi mwa fundi, na fundi anayekaza mpaka kelele ziishe hana mpaka wa kusimama. Kila anapovuta, mzigo wote unalalia beringi ya alteneta na beringi ya pampu ya maji. Hiyo inayovuma leo ni beringi. Fundi wa umeme wa magari anaweza kuibadilisha beringi peke yake. Usikubali kununua alteneta nzima kabla haijapimwa. Ikiwa inatoa kati ya volti 13.5 na 14.5 injini ikinguruma, mwili wake ni mzima.

Ukazo wa haki ninaupima hivi: nashika belti katikati ya sehemu ndefu kabisa kati ya puli mbili, naipinda kwa vidole viwili. Ikigeuka robo mzunguko kwa shida kidogo, inatosha. Ikigeuka nusu, imelegea. Isipogeuka kabisa, mtu ameiua.

Sabuni iache jikoni. Inakula raba na inakusanya vumbi kwenye mifereji, na kesho yake kelele ni mara mbili. Badala yake chukua chupa ya kupulizia yenye maji matupu. Alfajiri injini ikilia, puliza kidogo upande wa matuta, ukiwa umesimama pembeni. Kelele zikinyamaza papo hapo kisha zikarudi, puli mojawapo haiko mstari mmoja na wenzake, au imechakaa. Kelele zikizidi, belti inateleza: imelegea, imeisha, au imeloa oili. Hapo utakuwa umejua ugonjwa kwa gharama ya maji.

Nina dhana kuhusu yako. Gari lako linalala nje, Mtwapa, karibu na bahari. Usiku upepo wa bahari unaleta chumvi na umande, mifereji ya puli inapata kutu nyembamba, alfajiri belti inaikwangua kwa dakika mbili tatu mpaka ing'ae, halafu kimya. Kila siku inakwanguliwa, kila siku belti inalika. Toa belti, sugua mifereji kwa brashi ya waya, pangusa kwa kitambaa kikavu bila tone la oili, funga belti mpya. Na usiipime belti kwa nyufa peke yake. Za zamani zilikuwa zikipasuka ukaziona. Nyingi za leo, za raba ya EPDM, haziachii nyufa upesi. Zinalika kama soli ya kandambili, matuta yanakonda mpaka belti inazama kwenye mifereji na kugusa chini. Iweke mpya na ya zamani pamoja mkononi, utaona tofauti.

Swali

Shikamoo mzee. Nimesikia belti ikikatika valvu zinapinda na injini inakwisha. Na je, naweza kuendesha hadi nyumbani bila belti? Mjomba wangu anasema wao walikuwa wakifunga soksi ndefu za kike. Kijana wa Mshomoroni.

Jibu

Marahaba. Unachanganya belti mbili. Inayopinda valvu ni taiming belti, ambayo imefichwa nyuma ya kifuniko na inaunganisha krenki na kemshafti, mhimili unaofungua valvu. Tena si kwenye kila injini, na injini nyingi za Toyota za miaka ya karibuni, kama 1NZ-FE na 1ZZ-FE, zina cheni badala yake. Belti ya nje ikikatika valvu hazipindi kwa hilo.

Kuendesha bila belti kunategemea kitu kimoja: pampu ya maji inazungushwa na nani. Kwenye hizo injini mbili nilizozitaja inazungushwa na belti hii hii ya nje, kwa hiyo ikikatika zima, egesha, piga simu. Kutoka daraja la Nyali hadi Mshomoroni ni karibu, lakini kichwa cha injini hakijui ukaribu. Kama pampu yako inazungushwa na taiming belti, unaweza kujikokota mchana, AC, redio na taa vikiwa vimezimwa, ukila umeme uliobaki kwenye betri, na ukijua usukani utakuwa mzito.

Mjomba wako hasemi uongo. Soksi ilifaa kwenye zile belti za umbo la V, puli mbili au tatu zenye mfereji mmoja mzito, kwa mwendo wa kobe. Kwenye belti ya matuta yenye puli saba na tenshena haishiki. Cha kufanya ni hiki: siku ukibadilisha belti ambayo bado haijakatika, usiitupe. Ipangushe, andika namba yake kwenye karatasi pamoja na mchoro wa njia, izungushe duara pana bila kuikunja, uiweke kwenye mfuko chini ya tairi la akiba pamoja na spana inayoingia kwenye tenshena yako.